Mchicha wa Tuta la Mwisho

Tarehe 4 Februari

Mwanangu,

Kosa la watu wengi wanaoanzisha bustani nyuma ya nyumba ni kupanda kabla ya kuutazama uwanja. Nimelitanguliza mbele ya salamu kwa sababu barua yako inasema mbegu umeshanunua, nami ndiye niliyekulea na nakujua: kitu kikikaa mfukoni mwako siku mbili bila kutumika unaona kinakudharau.

Sasa salamu. Mimi sijambo. Sikio la kushoto limestaafu na la kulia limeomba likizo, ndiyo maana nang'ang'ania barua. Simu nikipigiwa naitikia "ndiyo, ndiyo" kila kitu, na juzi nimejikuta nimekubali kuuziwa godoro. Paa la jikoni limezibwa. Mkeo hajambo? Mwambie kitenge alichoniletea nimekishona, na fundi amenipunja kiuno.

Turudi uwanjani. Chukua kigoda, ukae hapo asubuhi na jioni kabla hujashika jembe. Angalia jua linaingilia wapi na linakatwa wapi na ukuta. Mwaga ndoo ya maji uone yanakimbilia upande gani. Kisha angalia nani hupita. Hilo la tatu watu hulisahau. Watu wakishazoea kupita mahali, miguu yao imeshaigawa ardhi, na ukipanda juu ya njia yao utapambana nao zaidi ya utakavyopambana na wadudu. Waachie njia, panda pembeni yake. Bustani haipungukiwi.

Ukishajua hayo, inua matuta, changanya samadi iliyooza vizuri (mbichi itaunguza mizizi), kisha panda mchicha, nyanya na kotimiri. Mnanaa uuweke kwenye kopo, peke yake. Ukiuachia ardhi utakuta umehamia chumbani.

Shangazi yako

*

Tarehe 23 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Huku wazima. Kazi ya kuchomelea ipo tele, maana siku hizi watu wanaogopana. Kila mwenye mlango anataka na geti, kila mwenye dirisha anataka nondo, basi mimi nakula. Mkono niliojiunguza umepona, limebaki kovu kama ramani.

Nimekaa kwenye kigoda kama ulivyosema. Siku moja ilitosha. Kumbe uwanja wangu ni barabara kuu! Yule dobi wa nyumba ya pili hupita hapo na ndoo zake kwenda bombani, anarudi, anakwenda tena, na kila akipita "Za saa hizi, jirani," kana kwamba mimi ni mlinzi wa stendi. Na watoto wake nyuma.

Sasa mimi nina mashine, nina nondo, nikae nimwachie mtu njia kwenye uwanja ninaoulipia? Nimefunga. Nimechomelea uzio kutoka ukutani mpaka ukutani kwa siku mbili. Akaja na ndoo yake, akasimama anaushika kama anataka kuununua.

"Jirani, sasa tupite wapi?"

"Pita barabarani kama gari."

"Nizunguke mtaa mzima na ndoo kichwani?"

"Kwani nimekuoa, nikubebee?"

Vijana wa gereji walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka.

Matuta yako tayari, sita, na mche umeota. Wiki iliyopita kuku wake akapenya kati ya nondo akafukua nyanya zangu zote za tuta la mbele. Nikamshika. Nikamzungusha shingo taratibu, dobi akiwa anatazama na mikono yake imejaa povu, nikamning'iniza kwa miguu juu ya uzio. Amekaa pale siku tatu mpaka nzi wakachoka. Kuku hawaji tena. Humu ndani kuna mtu alinuna kwa ajili ya huyo kuku, nikamnyamazisha.

Nyanya nimepanda upya. Niambie namna ya kuzifunga zisilale.

Mwanao

*

Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marhaba. Mimi naendelea, ila mvua imechelewa na maji tunachota kwa zamu. Jirani yangu mwalimu amepata mjukuu, wa kike, ana sauti hata mimi namsikia.

Nilikuuliza habari za mkeo, ukanijibu habari za mkono wako. Nauliza tena. Hajambo?

Yale ya kuku nimeyasoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Kuku anafukua kwa sababu udongo uliolimwa una minyoo. Hajui kama ni nyanya zako. Dawa yake ni kufunika mche kwa matawi ya miiba mpaka ukomae, na kazi hiyo haimalizi hata asubuhi moja. Umemuua kuku ili mtu aogope. Huo si ukulima, na mimi sikukufundisha huo.

Kata uzio, upana wa mtu na ndoo yake tu. Wewe unaweza, hiyo ndiyo kazi yako. Sogeza matuta. Mboga hazitajua.

Nyanya hufungwa hivi: simika mti kando ya shina, kisha funga kwa kipande cha kitambaa kikuukuu, mzunguko mmoja kwenye mti na mmoja kwenye shina, fundo legevu. Usitumie waya. Najua waya unao mwingi, ndiyo maana nakukataza. Shina linanenepa kila siku, waya haupanuki, na utakuja kukuta mmea umekatika shingo ukiwa na matunda mabichi. Kitu kinachokua hakifungwi kwa kukazwa.

Mchicha usiung'oe. Kata juu ya macho mawili ya chini, pale jani linapoungana na shina, utachipua tena. Mkeo anajua, nilimwonyesha mwaka ule mlipooana, na mkono wake ni mwepesi kuliko wako. Mwachie yeye kisu.

Shangazi yako

*

Tarehe 6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mke wangu hajambo, anakusalimu sana, yuko jikoni hapa ninavyoandika, anasema kitenge akirudi atakuletea kingine.

Bustani ungeiona ungefunga kanga mbili. Nyanya zimenifika kifuani. Mchicha ndio usiseme. Kotimiri inanukia mpaka gereji. Uzio sijakata, wala sikati.

Lakini kuna mwizi. Narudi kutoka kazini, nakuta mchicha umekatwa, safi kabisa, kwa kisu kikali. Si mara moja. Nikamhesabia siku na nikamjua. Nilidhani nimemjua. Kuna msukuma mkokoteni anayetuletea maji tangu bomba limekuwa la mgawo. Ndiye pekee anayefika mpaka geti la nyuma. Basi Jumanne nikarudi mapema, nikajibanza bandani nyuma ya mitungi ya gesi. Akafika, akaegesha, akainama kwenye uzio.

Nilimvuta kola kutoka ndani, uso wake ukagonga nondo, jino likabaki upande wangu. Nikatoka na kipande cha bomba. La kwanza la goti, asikimbie. La pili aliliwekea mkono, nikausikia mfupa kama kuni kavu. Akawa anasema, "Bosi, maji, bosi, ni maji yako haya." Na kweli, madumu yangu yalikuwa juu ya mkokoteni, alikuwa anainama kuyasogeza. Lakini nilikuwa nimeshaanza, Shangazi. Mtu akishaanza anamaliza. Vijana wa gereji ndio waliomwondoa, wakamlaza juu ya mkokoteni wake mwenyewe wakamsukuma.

Mtaa mzima sasa wananisalimu kwa heshima.

Kesho yake mchicha ukakatwa tena.

Pia vidukari vimeingia, vyeusi, vinajikusanya chini ya majani. Nataka dawa kali. Usiniambie mambo ya majivu. Niambie dawa kali.

Mwanao

*

Tarehe 4 Mei

Mwanangu,

Marhaba. Nimechelewa kukujibu. Nina mgonjwa nyumbani, amevunjika mkono mahali pawili, usiku hawezi kugeuka, mchana mimi ndiye ninayemfungulia vifungo. Mtu akiwa hivyo kalamu inakaa mbali. Mvua imekuja hatimaye. Mjukuu wa mwalimu ameanza kucheka.

Kwanza yule msukuma mkokoteni. Wewe ni fundi, fikiri kama fundi: kazi yake inahitaji mikono miwili na magoti mawili, nawe umemwachia nusu. Kamtafute. Mpeleke kwa daktari wa mifupa, ukae naye foleni. Wanaokusalimu mtaani wanakwepa bomba lako la chuma. Heshima ni kitu kingine, na ungekuwa nayo usingehitaji kuniandikia kwamba unayo.

Pili, vidukari. Chukua kipande cha sabuni ya kufulia, kiyeyushe kwenye maji ya uvuguvugu, nyunyizia chini ya majani asubuhi, rudia kila baada ya siku chache. Vinakufa kwa sababu sabuni inaziba pumzi zao, na mboga ukiiosha unaila. Dawa kali za dukani ni kwa mashamba makubwa, na karatasi ya chupa huandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Siku hizo si mapambo. Dawa nyingine jani huinywa, na hapo maji hayaioshi wala moto hauitoi. Kwa mboga inayoliwa majani, nyuma ya nyumba, kati ya watoto wa watu, usiiguse kabisa.

Tatu, anayekata mchicha. Huyo si mwizi. Mwizi ana haraka, hung'oa na mizizi. Anayekata juu ya macho mawili ya chini, tuta la mwisho peke yake, jioni, kiasi cha sufuria moja, huyo anatarajia kesho mmea uwepo. Mwache. Umezungusha uzio, umeziba njia, umepata matuta sita. Moja likiwalisha wengine hutakufa njaa.

Mkeo umesema ananisalimu. Mwambie salamu nimezipokea.

Shangazi yako

*

Tarehe 19 Mei

Shangazi,

Salamu leo ziache.

Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Mimi nilikuandikia kwamba mchicha unakatwa. Basi. Sikukuandikia tuta gani. Sikukuandikia jioni. Sikukuandikia sufuria. Wewe uko safari ya siku nzima kutoka hapa na husikii simu. Nani aliyekuambia ni tuta la mwisho?

Na mgonjwa wako, mkono umevunjika mahali pawili. Wa kushoto, au siyo? Najua. Nilikuwepo.

Kumbe wiki zote hizi, unanifundisha kuua vidukari kwa sabuni, na yeye yuko hapo jikoni kwako anakusomea barua zangu, mnacheka. Alinikuta na hasira ya kazi, akasimama kati yangu na mlango, akasema mfungulie dobi njia. Nani amwambie mwanamume afungue uzio wake? Angekaa kimya ule mkono ungekuwa mzima.

Sasa sikiliza habari za bustani, maana unazipenda. Nilinunua dawa kali. Zile siku za kusubiri umenieleza vizuri sana, mwalimu hasa. Nimepulizia tuta la mwisho asubuhi na jioni, kila siku, na sijavuna. Limependeza. Majani yanang'aa. Ijumaa mbuzi wa dobi alipenyeza shingo kati ya nondo akala ya pembeni. Hakufika mbali. Alianguka kwenye mtaro, povu mdomoni, miguu inapiga chini kama mtu anayebisha mlango, macho wazi mpaka yakakauka. Dobi analia, anadhani ni nyoka. Nikamwambia pole jirani, nyoka wamekuwa wengi.

Anayekata jioni na aendelee kukata. Si umesema nimwache? Nimemwacha.

Mwisho wa mwezi naazima pikapu ya kazini. Nakuja kumchukua mke wangu. Mwambie afunge mizigo, na wewe usisimame mlangoni.

*

Tarehe 27 Mei

Mwanangu,

Barua yako imefika leo saa tatu asubuhi. Hii haitapita posta. Mkeo anaipiga picha na kuituma kwenye simu ya mzee wa mtaa wenu, ambaye namba yake ninayo tangu msiba wa baba yako. Yeye ataichapisha na kuipitisha chini ya geti lako. Hataingia. Alishakuja mchana huu akabisha, ukamtokea na bomba la chuma ukamwambia, "Hapa hakuna dawa wala nini, ondoka." Kwa hiyo naandika mimi, maana barua zangu hujawahi kuacha kuzisoma, hata zinazokuudhi.

Mimi sijambo. Mkeo yuko hapa, ndiyo. Yuko tangu Machi. Alishuka kwenye basi na mkono umefungwa kwa kanga, na alipokuwa anakunywa maji aliyamwaga yote kifuani. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungekuja. Hatukucheka. Kila barua yako ilipofika alitoka nje.

Nitakueleza jambo lililokupita, kwa utaratibu, na wewe lisome kwa utaratibu.

Ulipoziba njia, dobi alianza kuzunguka mtaa kwa kila ndoo. Akawa anafua nusu ya nguo alizokuwa anafua. Jioni haikubaki kitu cha kupika. Mkeo hakuwa na uwezo wa kukata nondo zako, basi alimwita kwenye uzio akamwambia, "Njia sina. Lakini hili tuta la mwisho mkono wako unalifikia. Jioni kata kiasi cha sufuria, ila kata juu ya macho mawili lichipue." Akamwonyesha kwa kisu, kama mimi nilivyomwonyesha yeye. Hapajawahi kuwa na mwizi kwenye bustani yako. Palikuwa na makubaliano ya wanawake wawili kwenye uzio, na mmoja alipokimbia, mwingine aliendelea kuyaheshimu. Hakugusa nyanya hata moja, na mwezi huu alilipumzisha tuta wiki mbili bila kukata, lichipue upya. Ungeuliza, ungeambiwa. Msukuma mkokoteni angekuwa na mkono.

Niliposoma habari ya mbuzi nilimpa mkeo barua yako. Mimi simu siisikii, nikamwambia piga wewe, sema kila kitu. Alipiga akiwa amesimama, mkono mmoja. Nilimtazama mdomo. Mzee wa mtaa alikimbia mpaka kwa dobi na viatu mkononi. Alikuta mlango wazi na sufuria ya jana jikoni, imebaki nusu.

Walikuwa wamekula jana jioni.

Dobi alitapika usiku kucha, sasa anakaa mwenyewe. Mtoto mkubwa alikula kidogo, amepona. Mdogo wa kike ndiye aliyemaliza sahani. Mkeo anasema ndiye aliyekuwa akishika nondo kwa mikono miwili na kukuita "Fundi Cheche, washa tena," nawe ulikuwa unawasha. Yuko hospitali ya wilaya, wodi ya watoto, kitanda cha karibu na mlango. Jasho linamtoka kama amemwagiwa maji. Mate yanamjaa mdomoni, anazibwa nayo, muuguzi anayanyonya kwa mpira. Mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Saa saba mchana aliacha kupumua, wakamrudisha.

Daktari anajua ni dawa ya mimea. Hajui ni ipi. Hapa nakueleza kama nilivyokuwa nikikueleza mambo ya samadi, kwa sababu ukielewa utafanya. Dawa hizi zina koo zake. Sumu ya ukoo mmoja ina tiba yake, na tiba hiyo ikitolewa kwa sumu ya ukoo mwingine huweza isisaidie, au ikaongeza mzigo kwa mwili ambao hauna nguvu tena. Daktari anampa anachoweza kubahatisha. Kinachoweza kumwambia kwa hakika kimeandikwa kwenye chupa, na chupa iko kwenye banda lako, kufuli lako, ufunguo shingoni mwako. Polisi wameitwa, lakini wanatoka mbali na gari lao liko kwenye ajali ya barabara kuu. Wewe uko dakika kumi kutoka hospitali ukitembea.

Najua unachofikiri. Unafikiri ukiibeba hiyo chupa utakuwa umekiri. Ndiyo, utakuwa umekiri. Barua yako ya tarehe 19 iko kwangu na nitaipeleka kituoni kwa mkono wangu, iwe umeibeba au hukuibeba. Sitakudanganya katika hilo. Kwa hiyo hilo limeshapita, usilipigie hesabu. Kilichobaki mikononi mwako ni kimoja, na kina miaka minne.

Pikapu usiiazime. Ukija huku mlangoni utanikuta mimi nimesimama, na nyuma yangu majirani. Lakini sasa hivi mimi wala mkeo si safari yako.

Weka chini hilo bomba. Vaa mipira ya mikononi, fungua banda, chukua chupa na karatasi yake hata kama imechanika, usiimwage, usiioshe. Mzee wa mtaa yuko nje ya geti na pikipiki inanguruma. Panda nyuma yake, umpe daktari wa wodi ya watoto mkononi, umwambie ulipulizia kiasi gani na mara ya mwisho lini.

Ipeleke leo, sasa hivi, kabla hujaikunja barua hii.